Koki Nyuma ya Bweni

Kaka yangu ni fundi bomba, na tangu nimfahamu, yaani tangu nizaliwe, sijawahi kumwona akiingia nyumba ya mtu bila kufungua bomba. Anasalimia, anauliza hali za watoto, na huku ameshafika kwenye sinki. Anafungua, anasikiliza, anafunga, anatikisa kichwa. Kwenye harusi ya binamu yetu alinawa mikono mara tatu, na usafi haukuwa na uhusiano wowote na hilo. Koki ya pale ilikuwa inamkera, akataka kujua inaumwa nini. Mimi nilikuwa meza moja naye, nikajifanya simjui.

Kwa hiyo ulipofika wakati wa kumtafutia binti yake shule ya bweni, ilitupasa tuwe tumejiandaa mapema.

Binti ni huyohuyo mmoja. Ana miaka kumi na tatu, mwembamba, na mdomo wake haupumziki. Alimaliza shule ya msingi kwa alama zilizowashangaza hata waliomfundisha, kisha akakata shauri mwenyewe kwamba anataka bweni. Sababu alizotoa ni mbili. Rafiki zake wanakwenda bweni, na pale nyumbani, alisema, "mnaniangalia sana." Hiyo ya pili hatukuweza kuibishia.

Tulikuwa tunamwangalia kwa sababu alikuwa bado anakojoa kitandani. Haikuwa kila siku. Mara mbili, mara tatu kwa wiki. Naliandika waziwazi kwa kuwa bila hilo sina cha kusimulia, na mwenyewe ameniruhusu, mradi nimseme baba yake zaidi kuliko yeye. Hilo halitanipa shida.

Mimi ni karani wa dirishani kwenye zahanati, naandika kadi za wagonjwa, kwa hiyo niliulizia kwa daktari wetu. Akasema mtoto hana ugonjwa, mwili wake unachelewa tu kujifunza kuamka, itaisha yenyewe. Asikaripiwe wala asitishwe. Nikamuuliza, itaisha lini? Daktari akainua mabega. Nilipompelekea kaka jibu hilo alikuwa karakanani kwake ameshika spana, na akaendelea kuishika kwa muda bila kufanya nayo chochote.

"Watamwita kikojozi," akasema. "Jina hilo likikupata kidato cha kwanza unamaliza nalo kidato cha nne. Atarudi nyumbani kabla ya mwezi, na hatataka kusikia habari ya shule tena."

"Basi tuwaambie matroni mapema, wamsaidie."

"Amekataa. Amesema tukimwambia mtu yeyote, haendi."

Na kweli alikataa, nilimsikia mwenyewe. Alisema pia jambo lingine, akiwa amesimama mlangoni na sahani mkononi: "Na mkikosa shule nitajua ni kwa sababu yangu." Kisha akaenda kuosha sahani. Fomu zilitakiwa kurudishwa mwisho wa mwezi. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Wifi yangu, mama wa mtoto, ni mshonaji wa sare za shule. Shule anazijua kwa kola na mikunjo ya sketi, na yake alishaichagua zamani: shule ya maana, yenye sketi ya mikunjo kumi na sita na matokeo ya kubandikwa ukutani. Ndiko tulikoanzia. Mimi nilichukuliwa kwa sababu, kwa maneno ya wifi, "tukienda wawili huyu ataongea na mabomba tu."

Mkuu wa shule hiyo alitupokea akiwa amevaa tai nyekundu. Kabati lilijaa makombe. Ubaoni palikuwa na matokeo ya miaka kumi, na wifi akayasoma moja moja, midomo ikicheza. Mkuu akajikohoza, akatukaribisha kuuliza maswali.

"Vyoo viko wapi?" akauliza kaka.

Mkuu, mtu mstaarabu, akamwonyesha choo cha walimu.

"Hapana, mwalimu. Vya watoto. Vya bwenini."

Tukatoka. Kaka akasimama kando ya kitanda cha mwisho kabisa bwenini, akaanza kutembea huku anahesabu hatua kwa sauti ya chini. Alipita mlangoni, akavuka uwanja mpana usio na kivuli, akafika. Mia moja na arobaini na mbili. Njiani palikuwa na taa moja, na ndani yake aliishi buibui. Akauliza mlango wa bweni hufungwa saa ngapi. Saa nne, akaambiwa, kwa kufuli, kutoka nje, na ufunguo analala nao matroni jengo la pili.

"Na mtoto akibanwa?"

"Wanafunzi wetu wamezoea kujizuia," akajibu mkuu kwa fahari, utadhani ni somo walilolipatia kombe.

Kufikia hapo alikuwa ameshaamini sisi ni wakaguzi wa afya tuliokuja kwa kujificha. Zililetwa soda. Alianza kutueleza habari ya taa, kwamba balbu imeshaagizwa. Kaka alikunywa soda yake kwa adabu, akauliza bomba la choo lina kipenyo gani. Wifi akawa anatazama viatu vyake.

Njiani kurudi, karibu na nyumbani, wifi akamgeukia kaka. "Wewe fundi," akasema, "umeuliza habari za vyoo mara kumi na moja. Hesabu umeiuliza mara ngapi?"

"Hesabu anaijua," kaka akajibu.

Binti alikuwa kizingitini anatusubiri. Alitutazama nyuso, akaingia ndani bila kuuliza.

Shule ya pili ilikuwa mpya kabisa, vigae mpaka dirishani, na mlezi wa kututembeza aliyevaa beji. Vyoo vilikuwa ndani ya bweni. Hatua tisa! Taa inajiwasha yenyewe ukipita. Nilimwona kaka uso unamkunjuka, na wifi akanikanyaga mguu kwa furaha. Kaka akasogea kwenye sinki, akafungua bomba. Likakohoa. Akafungua la pili, nalo likakohoa.

"Leo tu kuna matengenezo," akasema mlezi.

Mtu mwingine angekubali. Kaka aliinama chini ya sinki, akalitazama bomba linakoelekea, akatoka nje kulifuata. Nami nyuma yake, na viatu vyangu vizuri, kwenye majani yaliyolowa umande. Bomba lile lilipendeza. Lilipakwa rangi ya buluu, likashikizwa ukutani kwa vibanio vilivyopangwa kwa rula. Lilizunguka jengo zima, likafika kwenye kona, likateremka, likaingia majanini. Kaka akalivuta kidogo. Likatoka lote mkononi mwake, kipande cha urefu wa mkono, na mwisho wake haukuunganishwa na kitu chochote duniani.

Tukasimama pale, kaka na bomba lake, mlezi na beji yake. Kaka akalirudisha taratibu lilipokuwa, akafuta mikono.

"Mwambieni mwenye shule," akasema, "fundi wake ni hodari sana wa kupaka rangi."

Sasa zilibaki siku nne. Wifi alianza kusema kwamba labda mtoto asome shule ya kutwa mwaka huu, mwakani tutaona, na aliyasema hayo jikoni akidhani mtoto yuko uani. Mtoto alikuwa nyuma ya mlango. Hakulia. Alisema tu kwamba shule ya tatu atakwenda yeye mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye atakayelala huko, siyo baba wala koki zake.

Hiyo ya tatu ilikuwa juu kwenye mwinuko, majengo ya zamani, rangi inabanduka. Matokeo yake hayakuwa ya kujivunia wala ya kuficha. Mkuu wa shule alikuwa mama mfupi mwenye raba miguuni na vumbi la chaki mpaka kwenye viwiko. Matroni alikuwa mama mnene wa maneno machache, aliyeitikia kila swali kwa "Naam" kisha akafikiri ndipo akajibu. Wifi alimtazama mwanafunzi mmoja pindo la sketi, akalipima kwa macho, akanyamaza. Kwake yeye hizo ni sifa.

Hatua kutoka kitanda cha mwisho mpaka chooni zilikuwa ishirini na mbili, zote chini ya paa, na taa inawaka. Mlango wa bweni haufungwi kwa kufuli ya nje. Kaka akafungua bomba, na maji yakatoka kwa nguvu iliyogonga sinki na kumrudia, yakamlowesha shati mpaka kiunoni. Akacheka. Nilikuwa sijasikia kicheko hicho kwa wiki kadhaa. Tangi lilikuwa kileleni, maji yanateremka yenyewe, hakuna pampu wala umeme wa kukatika.

Ila sehemu ya kufulia ilikuwa mbele. Karo refu la saruji, koki kumi, linatazamana na ukumbi wa chakula. Siku ya kufua ni Jumamosi. Atakayeonekana pale Jumanne alfajiri na shuka mkononi, shule nzima itapata habari zake pamoja na uji.

Binti naye aliliona. Alikwaruza saruji kwa ncha ya kiatu. Kisha akajikaza kisabuni, akamgeukia baba yake.

"Baba, hapa panafaa. Nitaamka kabla yao."

Kaka alizunguka nyuma ya bweni peke yake, akakaa huko robo saa nzima. Aliporudi shati lilikuwa limeanza kukauka na macho yake yalikuwa mekundu, nasi sote tukajifanya ni vumbi. Akamwendea mkuu wa shule, akasema angependa kuwawekea koki moja nyuma ya bweni. Bure. Vifaa vyake, mikono yake.

"Koki ya nini, huko nyuma?" akauliza mkuu.

Mtu mzima huyu, anayeweza kueleza mfumo wa maji taka wa jengo la ghorofa tano bila kupumua, akakosa neno. "Ya... maua," akasema.

Nyuma ya bweni hapakuwa na ua hata moja. Mkuu akamtazama, akamtazama na mtoto, akapangusa chaki viganjani. "Maua yanahitaji maji," akasema. Fomu tulijaza palepale, juu ya dawati lake.

Jumamosi tukarudi, kaka na mimi, na mfuko wa saruji. Hapa ndipo fundi mwenye akili angeweka kibomba chembamba, kikoki cha kuchuruzika, basi. Kaka alichukua maji kutoka bomba kuu la tangi. Akaweka bomba nene. Akatoa mfukoni, imeviringishwa kwenye kitambaa, koki ya shaba aliyokuwa ameitunza miaka mingi kwa ajili ya nyumba atakayojenga siku moja. Akasakafia, akaweka mteremko ili maji yasituame, akajenga ukingo wa kukalia. Akafunga waya wa kuanikia mahali ambapo jua hufika kwanza. Nilimuuliza kama hapa patafuliwa shuka au pataoshwa malori. Akaniambia kazi ni kazi. Alipoifungua mara ya kwanza maji yalitoka yananguruma, naye akarudi nyuma hatua mbili kulitazama jambo lake, ameridhika kabisa, mjinga wa watu.

Mtoto akaenda. Kaka akabaki na simu.

Mara mbili kwa wiki alimpigia matroni. Hakuthubutu kuuliza habari za mtoto, maana matroni angejiuliza kwa nini baba huyu ana wasiwasi kiasi hicho. Aliuliza hali ya koki.

"Inavuja?"

"Naam," matroni angesema, kisha kimya, kisha, "haivuji."

"Inafungika vizuri?"

"Inafungika."

"Na... wanafunzi wote hawajambo?"

"Hawajambo."

Akikata simu anatutangazia: koki haijambo. Kwa wiki sita tuliishi na habari za afya ya koki. Wifi alishona sare za shule nne katika muda huo, na kila mkunjo, alisema, aliushona na roho juu. Mimi mwenyewe, ninayejifanya jasiri, nilikuwa kila simu ikilia zahanati nadhani ni shule, wanasema mje mumchukue mtoto wenu.

Siku ya wazazi kutembelea tulifika saa nne asubuhi. Familia nyingine zilikuwa zimeshakaa kwenye nyasi na vyakula vyao. Wifi, kama mzazi mwenye akili timamu, alikwenda kuonana na mwalimu wa darasa. Kaka akaenda moja kwa moja nyuma ya bweni, na mimi nikamfuata na kapu.

Akasimama ghafla hata nikamgonga mgongoni.

Palikuwa na foleni. Wasichana zaidi ya ishirini, ndoo, beseni, chupa, mmoja anaosha nywele, wawili wanafua soksi, na mpishi wa shule na sufuria lake anasubiri zamu kama wengine. Waya wa kuanikia ulikuwa umejaa mpaka umelegea. Mpishi alitueleza kwa furaha: kule mbele koki zote kumi zikifunguliwa maji yanalegea, lakini hii, ah, hii inajaza ndoo kabla hujamaliza kupiga chafya. Watu wanaanza kuja alfajiri. Shule nzima inaipenda.

Kaka uso ulimshuka. "Nimemwanika mwanangu," akasema. "Kwa mikono yangu mwenyewe."

Binti akatokea pembeni ya jengo anakimbia, mikono ya sweta imekunjwa. Alikuwa ameongezeka kimo, au labda ni shingo tu iliyonyooka. Kaka akamshika bega, akampeleka nyuma ya stoo ambako hapakuwa na watu. Nami nikaenda, kwa kuwa nilikuwa na kapu, na pia kwa sababu mimi ni mbea.

"Mwanangu, nisamehe."

"Nikusamehe nini, baba?"

"Ile koki. Sikufikiri. Umekuwa unafanyaje?"

Akamtazama baba yake kana kwamba yeye ndiye mtoto. "Ilinitokea siku ya nne," akasema. "Nikatoka kabla ya kengele, bado giza giza. Shuka nimelificha hivi, chini ya sweta. Nikakuta watu watatu kwenye koki. Nikataka kurudi, lakini walishaniona."

"Wakasemaje?" kaka akauliza.

"Dada mmoja wa kidato cha pili akasema, lete huku, shika ncha hiyo, tukamue. La kwake alikuwa ameshalianika."

"La kwake lipi?"

Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Kaka bado.

"Shuka, baba. Kama langu. Tuko saba."

"Saba?"

"Saba. Mwaka jana walikuwa wanageuza godoro tu, wanalala hivyohivyo, kwa sababu kule mbele wangeonekana. Koki ilipowekwa wakaanza kutoka. Sisi ndio wa kwanza kila siku. Wengine wakifika na ndoo zao wanakuta tumeshaanika, hawajui nani kafua kwa nini. Mmoja aligundua, akaanza kusema kikojozi, yule dada akamwambia afunge mdomo wake au akachote maji kule mbele. Akafunga." Akafikiri kidogo. "Wiki hii imenitokea mara moja tu. Lakini wiki iliyopita tatu."

Kaka yangu hawezi kulia mikono ikiwa mitupu. Akatoa mfukoni futi yake ya chuma, akaivuta, akaanza kupima ukuta wa stoo, ukuta ambao hakuna aliyemwomba aupime.

"Nitaongeza ya pili," akasema, akiwa ametupa mgongo. "Tawi litatokea hapa. Nyinyi saba mtakuwa na yenu, hawa wengine na yao. Wiki ijayo tu."

"Usiongeze, baba."

"Foleni ni ndefu mno, mwanangu!"

"Ndiyo. Zikiwa mbili, kila mtu atajua ile yetu ni ya nani. Sasa hivi sote ni watu wa foleni tu."

Futi ilibaki wazi mkononi mwake kwa muda. Kisha akaiachia, ikajirudisha yenyewe ndani, akaitia mfukoni.

"Sawa," akasema.

Akachuchumaa, akaanza kumfunga kamba za viatu, msichana wa miaka kumi na tatu mwenye viatu vilivyokwisha kufungwa vizuri, naye akasimama wima, akamwachia baba yake afunge. Mimi nikageuka kuitazama ile foleni, kwa kuwa machozi yalikuwa yananitoka na kapu lilikuwa limenishika mikono yote miwili.